Waya haisogei kwenye sumaku: tafuta tatizo dalili kwa dalili

Kila mwaka tukifika kwenye ile mada ya waya yenye umeme ndani ya uga wa sumaku, yaani lile eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, naletewa maneno yale yale, mwalimu tumefanya kama ulivyosema ila haijasogea, na ukienda kuangalia mezani unakuta betri ipo, sumaku ipo, waya ipo, kilichokosekana ni msukumo tu. Nafundisha fizikia fomu foo, na jioni nakaa kwenye kibanda cha kaka yangu ambaye ni fundi redio, na nakwambia kweli makosa ya maabara na makosa ya kibandani ni ndugu wa tumbo moja. Ndo maana nimeamua kuyaandika hapa dalili moja moja, ili mwanafunzi asikate tamaa akaenda kukariri tu majibu ya mtihani. Hiki kitu kinafanya kazi, kinafanya kazi kila siku, na ukikiona kwa macho yako mwenyewe hukisahau tena.

Kabla ya dalili, shika fomula hii: F = B I L sin θ. F ni kani, yaani ule msukumo, B ni ukali wa uga wa sumaku, I ni mkondo wa umeme, L ni urefu wa waya ulio ndani ya uga, na θ ni pembe kati ya waya na uga. Wengi wanaiandika ubaoni wanaifuta, mimi nataka uichukue kama orodha ya washukiwa. Hapo ni kuzidisha, na kwenye kuzidisha kimoja kikiwa sifuri kila kitu kinakuwa sifuri, hata kama hivyo vingine ni vikubwa namna gani. Kwa hiyo waya ikigoma wewe usiilaumu fomula, uliza ni herufi gani iliyokufa. Halafu kuna mshukiwa wa tano ambaye kwenye fomula hayupo kabisa, naye ni uzito wa waya pamoja na jinsi ilivyobanwa. Huyu ndo anawaumiza wengi.

Jaribio ninalolitumia kama mfano ni hili: ukanda wa foili ya kufungia chakula, upana milimita 5, urefu sentimita 30, ncha zote mbili nimezibana mezani kwa selotepu na katikati nimeuacha umeinuka kidogo kama upinde. Kushoto na kulia kwa upinde kuna sumaku mbili bapa za spika mbovu zimesimamishwa zinatazamana, ukanda unapita katikati yake. Betri ni zile kubwa za tochi. Ukigusisha betri ukanda unaruka juu kama panzi, ukiachia unarudi chini. Ni wa kuguswa tu, sekunde moja, usiushikilie.

Haisogei kabisa, hata kutikisika

Anza na mkondo, kwa sababu mara nyingi sana mkosaji ni huyo. Na usikisie, pima. Weka mita ya kupimia umeme kwenye njia ya umeme, waya nyekundu ya mita uihamishie kwenye tundu la 10 A na swichi uigeuze hapo, gusisha kidogo usome. Ukipata chini ya nusu ampea usihangaike kupanga sumaku, tatizo lako ni umeme. Na ukimaliza rudisha ile nyekundu kwenye tundu lake la kawaida, maana mtu wa pili akija kupima volti na waya iko kwenye tundu la ampea anapiga shoti, na mita nyingi za bei rahisi tundu lile halina fyuzi.

Mkondo unapotelea wapi? Kama unatumia kopa (waya ya shaba) ya kusukia koili, ina vanishi, yaani rangi isiyopitisha umeme. Inang'aa rangi ya dhahabu au nyekundu hivi, mtu anaiona kopa tupu kumbe imevaa nguo. Siku moja nilimpelekea kaka koili ya wanafunzi, nimehangaika nayo vipindi viwili darasani, yeye wala hakugusa mita, aliichukua akaizungusha kwenye mwanga wa taa akaniuliza, "Mdogo wangu, hii umeikwangua?" Nikamwambia ndiyo, nimepitisha msasa. Akatoa wembe, akailaza ncha ya waya kwenye ukingo wa meza, akaivuta polepole huku anaigeuza kwa kidole gumba, unga mwekundu unadondoka, robo ya kwanza, robo ya pili, mpaka akamaliza mzunguko wote. Kumbe mimi nilipitisha upande mmoja tu, na upande uliokuwa unagusa ndo ule wenye vanishi. Tangu siku hiyo nawaambia wanafunzi rangi ya kopa iliyokwanguliwa ni ya waridi iliyofifia, sio ile inayong'aa, ukiona bado inang'aa kama pipi basi endelea kukwangua.

Foili nayo ina shida yake. Aluminiamu ikikaa hewani inajivika tabaka jembamba la oksaidi lisilopitisha umeme, kwa hiyo ukigusisha kijuujuu unaweza usipate kitu. Kunja ncha ya foili mara tatu nne kuizunguka waya, halafu ibane na kibanio. Na usijaribu kuichomelea kwa risasi ya kawaida, haishiki.

Sasa kosa ambalo hata walimu wenzangu tunalifanya. Mkondo mdogo, tunaongeza betri kwa kuzipanga mstari, tunategemea mkondo uwe mara mbili. Hauwi. Betri yenyewe ndani ina ukinzani wake, yaani inauzuia umeme kidogo, na hizi za tochi za bei ya chini chukulia nusu omu kwa kila moja, ikizeeka inazidi. Foili yetu ni karibu 0.1 omu tu. Betri moja: volti 1.5 gawa kwa 0.6 unapata 2.5 A. Mbili kwa mstari: volti 3 gawa kwa 1.1 unapata 2.7 A. Umeongeza hela ya betri nzima umepata 0.2 A! Zipange sambamba, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, hapo ukinzani wa ndani unashuka kuwa robo omu, volti 1.5 gawa kwa 0.35 unapata 4.3 A. Hili ukimwonyesha mwanafunzi kwa mita anashangaa kweli, na anaelewa ukinzani wa ndani kuliko kwa maelezo ya kitabu. Betri ya mraba ya volti 9 nayo watu wanaiamini kwa sababu ya zile volti, ila vyumba vyake vya ndani ni vidogo, kwa kazi hii haina pumzi.

Mkondo upo? Njoo kwenye sumaku. Jaribu kitu kimoja rahisi: shika sumaku zako mbili jinsi zinavyotazamana, zisogeze karibu. Zinavutana? Sawa. Zinasukumana? Basi umeweka ncha zinazofanana zitazamane, na katikati kabisa, pale ulipopitisha waya, uga wa moja unaufuta wa mwingine, unabaki sifuri. Geuza moja. Hili kosa halionekani kwa macho kabisa maana sumaku zimepangwa vizuri, zimesimama wima, zinapendeza.

Halafu umbali. Uga wa sumaku unakufa haraka sana ukienda mbali, sumaku ikisogea kutoka sentimita 1 hadi sentimita 3 usitegemee theluthi ya uga, itakuwa chini ya hapo. Sogeza karibu kadiri uwezavyo bila kugusana na waya. Ukipata kipande cha chuma bapa ukakikunja umbo la U, ukabandika sumaku zako ndani ya mikono ya U, uga wa katikati unapanda kwa sababu chuma kinaurudisha kwa nyuma badala ya kuuacha upotee hewani. Sumaku za hadi diski mbovu za kompyuta, zile za neodimiamu, ni kali kuliko za spika kwa mbali, ila zina meno, vidole vikibanwa katikati vinaumia. Na tafadhali usizichome motoni ili gundi itoke, nyingi zikipita nyuzi 80 za selsiasi zinaanza kupoteza nguvu na hairudi.

Kisha pembe. Hii ndo sin θ. Waya ikilala sambamba na uga, kutoka sumaku kwenda sumaku, kani ni sifuri hata upitishe ampea mia. Lazima waya iukate uga. Wanaokosea hapa wanatumia sumaku ya duara la spika, wanapitisha waya kwenye lile tundu la katikati, wanadhani huko ndani ndo kwenye moto. Ncha za sumaku ile ziko kwenye nyuso zake mbili bapa, kwa hiyo waya iliyonyooka ndani ya tundu inakwenda sambamba na uga. Isimamishe, pitisha waya mbele ya uso wake.

Na kuna sababu moja ndogo ambayo imeniliza: kani ipo, kubwa tu, ila inaelekea chini. Foili inasukumwa kwenye meza, meza haisogei, wewe unaona kimya. Geuza betri. Sekunde tano tu, ifanye kabla ya mambo mengine yote.

Vyote viko sawa na bado? Basi ni uzito. Tupige hesabu. Uga 0.05 T (tesla, kipimo cha uga), mkondo 2 A, urefu ulio kati ya sumaku sentimita 3 yaani 0.03 m, kani ni 0.05 × 2 × 0.03 = 0.003 N (newtoni, kipimo cha kani). Ni ndogo jamani, ni sawa na uzito wa gramu 0.3. Ukanda wetu wa foili wote una gramu 0.065 hivi, uzito wake 0.00064 N, kwa hiyo kani ni karibu mara tano ya uzito na lazima uruke. Chukua sasa kopa ya unene wa milimita 1, urefu sentimita 10 tu: ni gramu 0.7, uzito 0.007 N. Kani ile ile haifiki hata nusu ya uzito wake. Yaani umeme ni ule ule, sumaku ile ile, foili inaruka, kopa imelala kama haijasikia. Mwanafunzi aliyetumia kopa nene hakukosea fizikia, alikosea kuchagua abiria. Ukitaka kopa lazima uining'inize kama bembea, kani isukume pembeni badala ya kuinua, hapo hata msukumo mdogo unaonekana.

Kubana nako kunaua. Waya ikikazwa kama kamba ya gitaa kani haina pa kuipeleka. Mwanasayansi Michael Faraday alipofanya waya izunguke sumaku kule London mwaka 1821 alitumia zebaki kwenye kikombe, waya ikachovya ncha yake humo, umeme unapita na waya iko huru haijashikwa na kitu. Sisi zebaki hatuigusi, ni sumu, ila wazo ni hilo hilo, umeme uingie na waya iwe huru.

Inaruka vizuri mara ya kwanza, baada ya hapo inalegea

Betri inachoka. Ukiipiga shoti sekunde nyingi ukinzani wa ndani unapanda, mkondo unashuka, na kani inashuka nayo bega kwa bega kwa sababu F inakwenda na I. Iache ipumzike dakika kadhaa itarudi kidogo. Ndo maana nasema gusa na kuachia.

Kama unatumia balbu kwenye njia ya umeme (naieleza hapo chini) hiyo ni kawaida wala sio ugonjwa. Nyuzi ya balbu ikiwa baridi ukinzani wake ni mdogo mno, mkondo unaingia kwa kishindo, nyuzi ikiwaka ukinzani unapanda mara kumi hivi na mkondo unatulia. Ukanda unaruka juu halafu unashuka kidogo na kubaki hapo. Mimi huwa nawaomba wanafunzi waniambie kwa nini kabla sijawaeleza, wengi wanapata.

Betri inachemka, waya inaunguza vidole

Hapa nasisitiza sana. Jaribio hili ni shoti ya makusudi, na kwa betri za tochi madhara yake ni joto na betri kuisha. Ila watu wakiona mkondo hautoshi wanakimbilia betri ya bodaboda au ya sola. Hiyo sio mwenzako. Betri ya asidi ina ukinzani wa ndani mdogo mno, ukiipiga shoti na foili inatoa ampea nyingi kiasi foili inakatika kwa cheche machoni pako, na ukitumia waya nene inakuwa nyekundu mkononi. Usifanye.

Kama hiyo ndo betri uliyonayo, weka balbu ya taa kubwa ya gari kwenye njia ya umeme, mfululizo na foili. Balbu ya volti 12 wati 55 ikishawaka inapitisha karibu 4.6 A na haipitishi zaidi hata foili ikigusana, ya pikipiki ya wati 35 inapitisha karibu 2.9 A. Ukitaka zaidi funga balbu mbili sambamba. Faida nyingine ni kwamba balbu inakwambia ukweli: ikiwaka mkondo upo, isipowaka una mguso mbaya mahali, huhitaji hata mita. Maabara nyingi reostati, vile vifaa vya kurekebisha mkondo, zimekufa zamani, balbu ya gari inapatikana duka la spea mtaa wa pili. Ila usiiguse ikiwa inawaka, ina moto mkali.

Umeme wa ukutani usiuguse kwa jaribio hili, hata kupitia balbu. Hakuna mjadala hapo.

Inasogea lakini upande tofauti na kitabu

Kwanza angalia umetumia mkono gani. Ni wa KUSHOTO. John Ambrose Fleming, aliyekuwa akifundisha uhandisi wa umeme chuo cha University College London, alitoa kanuni mbili za mikono, kushoto kwa mota na kulia kwa jenereta, na kwa kuwa wengi tunaandika kwa mkono wa kulia, kwenye mtihani kalamu iko kulia na kidole kinachonyanyuka ni cha kushoto, hapo uko salama. Tatizo ni yule anayeweka kalamu chini kwanza akanyanyua mkono anaouzoea.

Kidole cha shahada ni uga, kutoka kaskazini ya sumaku kwenda kusini. Cha kati ni mkondo, kutoka chanya kwenda hasi. Gumba ndo waya itakakoelekea. Vyote vitatu vikae kama kona ya chumba, kuta mbili na sakafu. Sasa kuna mwanafunzi amesoma elektroni zinatoka hasi, akaelekeza kidole cha kati huko, kila kitu kikageuka. Elektroni ni kweli zinakwenda huko, ila kanuni imeandikwa kwa mkondo wa kawaida wa chanya kwenda hasi, usivichanganye.

Kama vidole viko sawa, shaka inahamia kwenye sumaku. Sumaku ya spika haina herufi. Ining'inize kwa uzi mrefu ikiwa imesimama wima kama sahani kwenye kabati, mbali na chuma na mbali na sumaku nyingine, ikitulia uso unaotazama kaskazini ndo kaskazini yake, weka alama ya peni. Dira ya simu isogeze kidogo tu, usiibandike kwenye sumaku, inachanganyikiwa na baadaye itakudanganya hata njia ya kwenda mjini.

Ukigeuza betri NA sumaku kwa pamoja uelekeo haubadiliki. Mtu anageuza vyote viwili halafu analalamika. Geuza kimoja.

Inatetemeka tu, haiendi popote

Umetumia transfoma isiyo na daiodi, kile kifaa kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Umeme wake unabadilika uelekeo, kwetu mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo kani inasukuma huku na kule mara 50 kwa sekunde na waya haipati nafasi ya kwenda. Ukiweka kidole unasikia mtikisiko. Usitupe jaribio hilo, hiyo ndo spika. Koili ndogo ndani ya pengo la sumaku, umeme unabadilika, karatasi inasukuma hewa. Chukua spika nzima, gusisha betri moja ya volti 1.5 kwenye miguu yake, utasikia "tap" na utaona karatasi imetoka nje au imeingia ndani, geuza betri itafanya kinyume. Isiposogea kabisa pima omu: kwenye spika iliyoandikwa omu 8, mita itasoma 6 au 7, ikisoma hakuna mwisho koili imekatika. Ikisoma vizuri ila haisogei au inakwaruza, koili imehama kwenye nafasi yake inagusa chuma. Kaka hili analifanya mara nyingi tu kwa siku bila kuwaza fomula yoyote, ila anachokipima ni I kwanza halafu uhuru wa waya, kama tulivyofanya juu.

Mota ya kutengeneza inatikisika, haizunguki

Ile koili ya mizunguko 10 au 15 uliyoizungushia betri, mikono miwili imetoka pembeni, imekaa kwenye pini mbili za nguo, sumaku chini yake. Ukiona inayumba mbele na nyuma kama mtu anayekataa, umekwangua mikono yote miwili mzunguko mzima. Upande wa koili ulioko juu unasukumwa kulia, ukifika chini bado unasukumwa kulia ule ule, kwa hiyo koili inarudishwa ilikotoka. Lazima umeme ukatike nusu ya mzunguko. Mkono mmoja ukwangue wote, mwingine ukwangue nusu tu.

Nusu ipi? Hapa ndo siri, na nimeona maelezo mengi yanaipita tu. Shika koili ikiwa imesimama wima kama gurudumu la baiskeli lililo barabarani, kisha kwangua upande wa juu wa mkono peke yake, chini uache vanishi. Koili ikiwa wima ndo inapata msukumo mkubwa zaidi wa kuizungusha kutoka kwa uga unaopanda kutoka chini, kwa hiyo umeme uwepo wakati huo. Ukikwangua nusu wakati koili imelala kama sahani, umeme unakuja muda mbaya, inasukumwa mbele robo mzunguko na kurudishwa robo, itatikisika mpaka betri iishe. Wanafunzi wawili, kila mmoja kakwangua nusu, mmoja inazunguka mwingine hapana, na tofauti ni jinsi walivyoshika koili wakati wa kukwangua.

Kama hilo liko sawa: mikono imepinda (iviringishe mezani, isiyonyooka inajionyesha yenyewe), koili ina upande mzito, au pini zina rangi ya plastiki. Na isukume kidogo kwa kidole, mota hii mara nyingine inalala mahali umeme umekatika na haiwezi kujiamsha.

Mizani inasoma ajabu

Ukitaka kupima kani kwa namba, weka sumaku pamoja na ile U yake ya chuma juu ya mizani ndogo ya sonara inayosoma 0.01 g, waya iwe imeshikwa na stendi bila kugusa sumaku. Waya ikisukumwa juu sumaku inasukumwa chini kwa kiasi kile kile, mizani inaongezeka. Ikiongezeka gramu 0.31, zidisha kwa 0.0098 (uzito wa gramu moja kwa newtoni) unapata 0.003 N, sawa na hesabu yetu.

Mizani ikibadilika kabla hujawasha umeme, kuna chuma karibu, mara nyingi ni meno ya kibanio. Sogeza kibanio mbali. Ikikataa kutulia zima feni. Soma mara mbili, umeme ukienda huku na umeme ukienda kule, toa, gawa kwa mbili, utakuwa umeondoa makosa mengi kwa pamoja.

Jaribio limekubali, hesabu ndo haikubali

Waya ya sentimita 20, mkondo 3 A, uga 0.4 T, pembe nyuzi 30. Jibu ni 0.4 × 3 × 0.2 × 0.5 = 0.12 N. Anayeacha 20 bila kuibadili kuwa mita anapata 12 N. Jiulize, 12 N ni uzito wa kilo moja na robo ya unga hivi, waya moja ya ampea 3 inainua unga? Huo ukaguzi hauna gharama na umewaokoa wanafunzi wangu wengi.

Swali likisema waya ni ya mita 1 na sumaku ina upana wa sentimita 4, L ni 0.04. Na pembe ni kati ya waya na uga, ukipewa pembe kutoka kwenye mstari wa wima juu ya uga itoe kwanza kwenye 90.

Nimeondoa sumaku na foili bado zinasogea

Hii mtu aliniletea akidhani ameharibu kitu. Alikuwa na kanda mbili za foili zinaning'inia kando kando, zote zinapitisha umeme kwenda chini, zikawa zinakaribiana. Hajaharibu kitu. Kila waya yenye umeme ina uga wake, na waya ya jirani iko ndani ya uga huo, kwa hiyo ni kani ile ile isipokuwa sumaku imekuwa waya. Mwanafizikia Ampère aliionyesha mwaka 1820, miezi michache tu baada ya mwenzake Ørsted kuona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya, na mpaka mwaka 2019 ampea yenyewe ilikuwa inaelezwa kwa msukumo huu, waya mbili zenye ampea 1 kila moja, zilizoachana mita 1, zikisukumana 2 × 10⁻⁷ N kwa kila mita.

Ikikugomea, kumbuka ni kani dhaifu sana, kwa 2.5 A na nafasi ya milimita 5 ni karibu moja ya tisa ya uzito wa ukanda, kwa hiyo usilaze, ning'iniza, legeza, funga mlango upepo usiingie. Mikondo ikienda njia moja zinavutana, ikipishana zinaachana. Na kama ulikunja foili moja ndefu ikashuka na kupanda badala ya kutumia mbili, mikondo inapishana, zitaachana, usitafute kosa.